Nusu ya Ermes

Injini ndiyo iliyotangulia, na Nerio Malagoli aliiunda juu ya meza ya jikoni kwa sababu bandani kulikuwa na baridi isiyo na adabu. Upande mmoja wa meza mkewe Dirce alikanda unga. Upande wa pili mzee alichonga plagi za injini, kila moja kama punje ya mchele, kila moja na waya wake. Ole wako upige chafya! Dirce alipiga mara moja tu, plagi ikaruka ikazama kwenye unga, na jioni ile supu ya tambi za unga huo ililiwa polepole kama na watu waliokaribishwa ukweni. Plagi haikuonekana.

"Dirce, umeimeza plagi yangu."

"Kama nimeimeza, basi kesho asubuhi nitawaka kwa mpigo mmoja," Dirce akajibu. "Mwaka wa ngapi huu sijapata meza yangu?"

Gari lenyewe lilikuwa gari la mashindano, jekundu, la viti viwili, ambalo Nerio alilifua bodi lake ujanani katika karakana ya Bwana Gualdi, nje kidogo ya Modena. Sasa amestaafu, nywele zimekwisha, naye analiunda upya kwa udogo, kila kitu sehemu ya nane ya kile cha kweli. Na si mchezo wa watoto, tafadhali. Boneti ilikuwa na mikanda ya ngozi, na vifungo vyake vilifungika. Ukigeuza usukani, magurudumu ya mbele yaligeuka. Spoki alizivuta mwenyewe, moja moja, kwa koleo alizopewa na daktari wa meno aliyechoka kumwona akija kuchungulia vifaa vyake badala ya kutibiwa. Mgeni akikosea akauliza, "Mzee, la mjukuu hilo?" alijibiwa kwa mgongo.

Lakini bodi la gari lile la kweli hakulifua lote. Bodi alifua nusu, upande wa kushoto, na kwa hiyo nusu nyingine ndiyo kisa hiki kizima.

Kwa Gualdi bodi la gari lilianza kwa fremu ya waya, mbavu tupu kama za samaki aliyeliwa. Bati la alumini lilifuliwa juu ya gogo na mfuko wa mchanga, likapimwa kwenye waya, likarudi kwenye gogo. Waya ulikuambia bati lipite wapi; kati ya waya na waya, mkono ndio ulioamua. Kila gari lilikuwa na watu wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, na katikati Gualdi alitundika turubai kutoka darini mpaka sakafuni. "Anayemtazama mwenzake anafua kwa jicho," alikuwa akisema. "Mimi silipi macho, nalipa mikono." Kugusa upande wa mwenzio kulikuwa sawa na kuingia kwake ukafunua vyungu vyake.

Siku ya kuunganisha, turubai lilivutwa, na mara nyingi zile pande mbili zilikutana kama mawifi wasiosemezana. Hapa zimepandana, pale zimeachana kidole, na siku iliyobaki yote ilikuwa kugonga na kutukanana. Isipokuwa upande wa Nerio na upande wa Ermes Bompani. Hao wawili wakivuliwa turubai, pande zao zilikutana mgongoni mwa gari huwezi kupenyeza ukucha. Watu waliacha nyundo wakaja kutazama. Gualdi, mtu ambaye hakuwahi kumsifu hata mkewe, alishika kiuno akasema, "Hawa wawili wamenyonya ziwa moja."

Nerio aliliamini neno hilo kuliko alivyomwamini padri. Hakuwa na ndugu wa tumbo moja. Alikulia kwa shangazi aliyemhesabia mkate. Kisha siku moja anaambiwa yupo mtu upande wa pili wa turubai, hamwoni, hawasemezani, na bado mkono wa huyu unajua mkono wa yule uko wapi. Nani asingelewa kwa furaha? Tangu siku ile Ermes alimwita "pacha", naye akaitika. Baani, kwenye karata, Nerio alikisimulia kisa hicho mpaka mwenye baa akawa anakimalizia yeye, na Ermes alikuwa akikaa pale pale, anacheka na kutikisa kichwa.

Halafu karakana ilipoanza kudidimia, kiwanda kikubwa cha magari kikaomba mtu mmoja. Mmoja tu. Gualdi alimwita Nerio pembeni. "Nimpeleke nani? Sema wewe, maana wewe ndiye unayemjua."

"Mpeleke Ermes," Nerio akasema. "Upande wake ni safi kuliko wangu. Wangu una alama za kurudiarudia. Wake ni kama umetoka mara moja."

Hivyo ndivyo alivyosema, kwa mdomo wake. Ermes akaenda kiwandani, akawa fundi mkuu, mtu wa kusimamia wengine, akapigwa picha na madereva. Nerio akaenda kufua madigadi ya matrekta mpaka alipostaafu. Hakunung'unika hata siku moja. Siku Ermes anaanza kazi mpya, Nerio ndiye aliyemnunulia kofia.

Sasa basi, mwanzoni mwa Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Eligio, msimamizi wa watu wa nyundo, mafundi wa zamani wa Gualdi waliobaki hai hula pamoja. Kila mwaka viti vinapungua. Nerio alitaka kuliweka gari lile katikati ya meza, limekamilika, limefuliwa na mikono ile ile miwili. Ndilo alilolitaka duniani, hakuna lingine. Alimfuata Ermes, akampelekea fremu ndogo ya waya ya upande wa kulia.

"Pacha," Ermes alisema, akiigeuzageuza ile fremu, "macho yangu siku hizi ya kuku, jua likizama nami nimezama. Fua wewe zote mbili. Nani atajua?"

"Nitajua mimi! Wewe nawe! Nikifua zote mbili litakuwa gari la nani? Litakuwa sanduku."

"Na turubai je?"

"Wewe uko kwako, mimi niko kwangu. Kuna turubai gani kubwa kuliko hiyo?"

Ermes akakuna shingo, akakubali.

Kila Alhamisi Ermes alikuwa akija kwa Nerio kama kawaida yao, kula na kubishana. Ile nusu ya kushoto ilikaa juu ya meza ya bandani imefunikwa kitambaa. "Usichungulie, mzee!" Nerio alimtania. "Nichungulie nini, uzee wako?" Kisha Nerio alichukua jagi akashuka ghala la chini kuteka divai, ile nyekundu yenye povu, na kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamechoka, alikawia ngazini.

Novemba ikaingia na ukungu wake, ule wa kumfanya mtu apapase ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Siku moja Ermes alikuja na nusu yake imeviringishwa kwenye blanketi la sufi. Waliifungua juu ya meza ya jikoni. Nerio aliileta ya kwake, akazisimamisha zile nusu pamoja, akazisogeza.

Zikakutana. Kuanzia puani mpaka mkiani, mstari mmoja, kama bati lisilowahi kukatwa.

"Dirce! Dirce, acha hicho ulichoshika uje! Njoo uone! Miaka yote hii, macho hakuna, vidole vimepinda, na bado! Ziwa moja, mama! Ziwa moja!" Na akalia, mtu mzima, machozi yakamwangukia kwenye kola. Alimkumbatia Ermes akampiga mgongoni mpaka akakohoa.

"Haya, haya," Ermes akasema. "Bati tu hilo. Mimi nakwenda, ukungu unashuka."

"Uende wapi? Kaa unywe!"

"Siku nyingine, pacha." Na akaondoka, blanketi lake amelisahau kitini.

Nerio alibaki na gari. Kabla ya kuchomelea, mfua bati hupitisha kiganja. Jicho hudanganywa na mwanga, kiganja hakidanganyiki. Alifumba macho, akapitisha kwenye upande wake. Pale juu ya tao la gurudumu la nyuma, kiganja kikazama kidogo, kidogo mno, kama mto ulioacha kulaliwa sasa hivi. Alilijua bonde lile. Akiwa mwanafunzi wa kazi alivunjika kidole gumba, kikaunga vibaya, na tangu hapo bati likipinda namna ile nyundo yake ilianguka dhaifu. Alilipiga msasa, alilitukana, lilipungua, halikuisha. Ndilo lililokuwa aibu yake ya siri.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akapitisha kiganja upande wa mwenzake. Si kwa kumkagua, la hasha. Kwa mapenzi. Alitaka kuusikia mkono wa Ermes, japo mara moja kabla hawajafa. Kiganja kikateleza kutoka puani, kikapita mlangoni, kikapanda juu ya tao la gurudumu la nyuma.

Kikazama.

Alifumbua macho. Alifumba tena, akarudia. Pale pale, kina kile kile, urefu ule ule, limegeuzwa tu kama vile mtu anavyojiona kwenye kioo. Ermes hakuvunjika kidole. Ermes alikuwa na vidole vya kucheza kinanda. Nerio akasimama na kiganja chake juu ya kosa lake mwenyewe, kwenye bati ambalo hakuwahi kuligusa.

"Dirce," aliita. "Ermes amewahi kuigusa nusu yangu?"

Dirce alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua hata kichwa. "Si kila Alhamisi? Ukishuka kuteka divai, yeye anafunua kitambaa. Ana kile kiukanda chake cha kijivu, laini laini, anakilaza juu ya bati, anakibonyeza, anakiweka mfukoni polepole kama anabeba yai. Siku moja nilimkuta, akaniambia, 'Shemeji, napima tu.' Kwani mlikuwa hampimani?"

Ukanda wa madini ya risasi, yale yanayopindika kwa vidole na kubaki hivyo. Unaulaza juu ya umbo, unalishika umbo. Unaugeuza, umepata upande wa pili. Hata mtoto anaweza.

Nerio hakuvaa hata kofia. Alitembea mpaka kwa Ermes, ukungu ukimwingia mdomoni, akamkuta ameketi mbele ya jiko anapasua kokwa za jozi kwa nyundo yake ya kazi.

"Karibu, pacha. Nilisahau blanketi, eh?"

"Usiniite pacha. Bonde langu limefikaje upande wako?"

Ermes alishusha nyundo. Alikuwa na nafasi ya kusema uongo, na uso wake ulionyesha aliitafuta kidogo, akachoka. "Nilikwambia macho sina," akasema. "Ulinilazimisha. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia! 'Nerio, siwezi.' Maneno mawili! Ningekubeba mgongoni!" Nerio alipumua kwa nguvu. Kisha wazo jingine likamjia, na lilikuja na ubaridi, maana alikumbuka Dirce alivyousimulia ule ukanda, mkononi mwa mtu aliyeuzoea. "Ermes. Lile gari la kweli. Lile jekundu."

Jiko liliunguruma. Ermes akaokota maganda ya jozi magotini, akayatupa motoni ganda moja moja.

"Niambie!"

"Lile pia."

"Tulikuwa na turubai."

"Turubai halikuwa na kufuli. Saa sita mlikwenda kula, nyote."

"Wewe ulibaki kwa sababu ya tumbo. Ulikuwa unaumwa tumbo."

"Sikuwa naumwa."

"Nilikuwa nakuletea mkate!" Nerio alisema. "Mkate na soseji ya mortadela, Dirce anaufunga kwenye kitambaa, bibi harusi wa juzi juzi, namwambia funga na wa Ermes, masikini, tumbo linamsumbua, anashinda na njaa. Kila siku nakupa mkononi!"

"Ulikuwa mkate mzuri," Ermes akasema kwa sauti ndogo. Naye hakuwa anatania.

Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawakuwahi kufua bati kwa Gualdi. Ya huyu ilianza ujanani ikafika uzeeni bila kukwama hata kwenye tope.

"Magari mengine?"

"Yote, Nerio. Sikuwa na mkono. Ningefanya nini? Gualdi angenifukuza, baba yangu angeniua. Wewe ulikuwa unafua kama mtu anayepiga mluzi. Mimi nilikuwa naona waya tu, kati ya waya na waya nilikuwa kipofu. Basi nikaja kutazama. Mara ya kwanza nilitaka kuona tu. Zilipokutana, watu wote wale wakaja, Gualdi akasema yale aliyosema… ningerudi nyuma vipi?"

"Na bonde? Ulilichukua mpaka na bonde langu?"

"Nilidhani ni la makusudi," Ermes akasema. "Nilidhani ndiyo siri yako. Nililifua kwa uangalifu kuliko pahali pote."

Nerio akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyekanyaga msumari. Upande safi, kama umetoka mara moja! Lazima uwe safi. Kuhangaika kote kulikuwa kumemalizwa upande wa Nerio. Yeye ndiye aliyebaki na alama za kurudiarudia, na kwa alama hizo akajihukumu mwenyewe mbele ya Gualdi.

"Nilikupa kazi yangu," akasema. "Gualdi aliniuliza, nikasema Ermes. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na kofia ukaivaa."

"Nikaivaa." Ermes aliinua macho sasa, na kulikuwa na hasira kidogo ndani yake, hasira ya mtu aliyekamatwa. "Lakini na wewe usijifanye umepata hasara tupu. Miaka yote hiyo umetamba baani. Ziwa moja, mkono mmoja, pacha wangu. Ulikuwa mtu mwenye furaha, Nerio. Nani aliyekupa pacha? Si mimi? Ningekuambia ukweli ungebaki na nini? Bati!"

"Mwizi wewe," Nerio akasema. "Kazi ningekusamehe. Ungeomba, ningekupa, si nilikupa bila kuombwa? Lakini umekaa kitini unanitazama nikikisimulia kile kisa, mwaka baada ya mwaka, ukacheka. Ulikuwa unanicheka mimi."

"Sikukucheka wewe."

"Basi ulikuwa unacheka nini?"

Ermes akachukua jozi nyingine, akaiweka juu ya jiwe, lakini hakuipiga. Nerio akatoka akauacha mlango wazi, baridi iingie yote.

Jikoni zile nusu mbili zilikuwa bado zimesimama mezani, zimekutana. Nerio alizitenganisha. Ile ya kulia aliiviringisha kwenye blanketi la mwenyewe, akaiweka nje ya mlango, kisha akakaa mbele ya ile moja iliyobaki, na injini yake, na mikanda yake ya ngozi, na kiti cha dereva kilichokuwa hewani upande mmoja.

Dirce alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwekea supu. Alitukana kwanza, matusi ya kwao, ya mashambani, yale ambayo hayapiti kanisani, akamwapiza Ermes pamoja na macho yake ya kuku. Kisha, kwa kuwa hakuvumilia kumwona mumewe amekaa vile, akatafuta neno la kumwinua.

"Kwa Mtakatifu Eligio utapeleka nini sasa?"

"Sipeleki."

"Peleka! Fua na upande wa pili, si unaujua? Tena hebu lifikirie hivi. Kama alichofua yeye chote ni chako, basi magari yale yote ni yako. Kushoto yako, kulia yako. Wengine wote kwa Gualdi walifua nusu nusu. Wewe peke yako ulifua magari mazima, Nerio. Mazima! Nani mwingine anaweza kusema hivyo?"

Nerio aliisukuma sahani pembeni, taratibu, isimwagike karibu na bati.

"Gari zima sikulitaka, Dirce," akasema. "Mimi nilitaka nusu."